Re: Mchezo unaosimamasimama una raha gani?

Mkuu, umeuliza raha iko wapi kwenye futiboli ya Kimarekani wakati mchezo unasimama kila baada ya sekunde chache. Iko hapo hapo unapoona pamesimama. Timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, na katikati ya jaribio na jaribio kuna kama sekunde 40 za kupanga mbinu mpya, huku wapinzani wakijaribu kuisoma. Kwenye soka kocha anabaki kupiga kelele pembeni tu.

Tafuta Super Bowl (fainali ya ligi yao) ya Februari 2018. Philadelphia Eagles wanaongoza 15-12 dhidi ya Patriots, jaribio la nne, imebaki yadi moja kufika mstari wa kufungia. Wengi wangepiga teke wachukue pointi 3 zao. Wao mpira wakampa mchezaji wao Clement, akamwachia mwenzake Burton, Burton akamrushia Nick Foles, ambaye ndiye mrushaji wao mkuu, yaani kwa kawaida yeye ndiye huwarushia wengine! Foles alikuwa amejifanya anaongea na wenzake, kisha akachomoka bila mtu wa kumkaba. Pointi 6. Wakaja kushinda 41-33.

Kinachochosha ni matangazo ya biashara, hapo sikubishii.