Uliza Jikoni: Miso ya Kyoto na ya Nagoya haziendi kipimo kimoja

Swali: Shikamoo Anti. Mi ni mwanafunzi huku Japani, nilikuwa Kyoto nikazoea supu ya miso, ule mchanganyiko mzito wa soya iliyovundikwa, ile nyeupe tamu tamu, mwezi wa 4 nikahamia Nagoya. Nimenunua miso hapa rangi yake kama chokoleti, ngumu, nikaweka vijiko vile vile, supu ikawa kali hainyweki. Imeharibika au nimeuziwa ya zamani? Na mbona Kyoto niliambiwa miso haichemshwi, huku naona wanaichemsha mpaka inatokota?

Jibu: Marahaba mwanangu. Haijaharibika hiyo, na ya zamani ni ya zamani kweli, ndivyo inavyotakiwa. Inaelekea umenunua miso ya soya tupu ya huko mkoa wa Aichi, na inayosifika zaidi ni Hatcho ya Okazaki, hapo jirani yako. Soya inavundikwa kwa kuvu wa koji na chumvi basi, hakuna mchele wala shayiri, inajazwa kwenye mapipa makubwa ya mbao, juu yanapangwa mawe kwa ufundi mpaka yanachongoka kama kichuguu, halafu inaachwa miaka 2 na zaidi. Ya Kyoto ni kinyume kabisa, mchele wa koji ni mwingi kuliko soya, chumvi iko kwenye asilimia 5 hivi, inaiva ndani ya wiki chache tu, ndo maana watu wa kule wanaitia nyingi kwenye supu bila wasiwasi. Sasa we umebeba kipimo hicho ukakipeleka kwenye miso yenye chumvi karibu mara mbili, lazima ikukabe.

Kuhusu kuchemsha wote wako sahihi. Miso za mchele raha yake harufu, ukitokosha inaondoka na mvuke, kwa hiyo unazima moto kwanza ndo unakoroga. Hiyo nyeusi inavumilia moto, ndo maana Nagoya wana miso nikomi udon, tambi nene zinazopikwa kwenye chungu na kuletwa mezani bado zinachemka, na wana miso katsu, nyama ya nguruwe ya kukaanga iliyomwagiwa mchuzi wa miso (kama huli nguruwe tumia kuku, inakubali tu).

Anza na kijiko cha chai kimoja kwa bakuli, onja, ongeza. Usidumbukize donge kwenye sufuria utakuja kulitafuna, weka kwenye chujio dogo, lizamishe kwenye supu usugue na mgongo wa kijiko, makapi yanabaki juu. Ikikushinda changanya na nyeupe, Wajapani wenyewe wanachanganya. Na nyeupe iliyobaki usiimalizie kwenye supu, pakaa vipande vya samaki, Kyoto wanapenda sawara ambaye ni ndugu yake nguru, laza kwenye friji siku moja au mbili kisha choma, ila uifute miso kwanza kwa sababu ule utamu unaungua haraka mno.

Ukizunguka nchi utakutana na nyingine, ya Sendai nyekundu yenye chumvi, ya Nagano ya njano iliyojaa madukani kila kona, Sapporo wanaitia kwenye rameni, supu ya tambi. Ila mi moyo wangu uko kisiwa cha Kyushu kwenye miso ya shayiri. Miyazaki wanaipondaponda na samaki mkavu na ufuta, wanaibabua kidogo motoni, wanaizimua kwa supu ya baridi, wanatia matango na tofu (ile kama jibini ya soya) wanamwagia kwenye wali, inaitwa hiyajiru, na kwa joto la Februari la Dar sijui kwa nini hatujaiiga.

Swali: Anti, niko Muscat, nimesikia miso ina pombe. Kweli?

Jibu: Baadhi za pakiti zinatiwa alkoholi kidogo kiwandani ili miso isiendelee kuumuka na kuvimbisha pakiti. Geuza nyuma usome viungo, kwa Kijapani inaandikwa 酒精, ukiiona rudisha kwenye shelfu. Zipo zisizotiwa, na zipo zenye cheti cha halali. Ila ile inayojitokeza yenyewe kidogo wakati wa kuvunda hukumu yake si yangu, hapo muulize sheikh wako. Na kama huli samaki, angalia pia isiwe imeshachanganywa na dashi, yaani mchuzi wa kuongeza ladha, nyingi zina dagaa au jodari mkavu humo humo.