Samaki mgumu kuliko wote kwenye mshipi: kwangu mimi ni jodari, na sababu zangu ni hizi

Mkuu mleta mada, salaam. Umesema umevua sangara wa kilo 32 huko Mwanza, akakutoa jasho, sasa unakuja pwani kwa mara ya kwanza na unataka kujua kama baharini yupo anayemzidi kwa ubishi. Wachangiaji wengi wamekutajia nduwaro, mmoja kasema papa. Mimi navua kwa mshipi tangu nina miaka 12, kwetu Pemba upande wa magharibi. Nimekwenda dago, yaani kambi ya uvuvi, huko Shimoni pwani ya Kenya, na nimefanya kazi misimu mitatu kwenye boti ya kuvulisha watalii. Nakujibu kwa niliyoyashika kwa mikono yangu: ni jodari, yule mwenye mapezi ya njano.

Nazungumzia kilo kwa kilo. Ukipima ukubwa mtupu hakuna mjadala, maana marlini mweusi, ndugu mkubwa wa nduwaro, aliyevuliwa na Alfred Glassell kule Peru mwaka 1953 alikuwa na kilo 707, na hapo uzito peke yake unamaliza maneno.

Nianze na sangara wako, kwa sababu umemtaja kwa heshima na anastahili. Nimemvua na shemeji yangu upande wa Ukerewe. Anapiga kwa kishindo, anapanda juu, anapanua mdomo na kutikisa kichwa mpaka ndoana inachomoka. Lakini sangara ana bondo, ule mfuko wa hewa tumboni, hilo hilo ambalo wanunuzi wanalitafuta kwa bei kuliko minofu. Unapomtoa kwenye kina, hewa ndani ya bondo inatanuka naye hawezi kuipunguza upesi, kwa hiyo sehemu kubwa ya safari ya kupanda anapandishwa na bondo lake mwenyewe. Anafika juu tumbo limevimba, nguvu zimekwisha. Hatari yake yote iko katika zile dakika za mwanzo.

Nduwaro, ambaye wengine mnamwita sulisuli, ndiye anayependwa kwenye picha. Nimemwona akiruka mara kumi na zaidi bila kupumzika, tanga lake la mgongoni limesimama, watalii wanapiga kelele hata wanasahau kuzungusha rili. Ni samaki mzuri mno na simdharau hata kidogo. Ila kila mruko anautoa mwilini mwake. Mjomba wangu aliyenifundisha bahari alikuwa akisema anayeruka anajichosha, anayezama anakuchosha wewe. Nduwaro wengi niliowaona wakiletwa ubavuni mwa boti walikuwa wamekwisha ndani ya nusu saa, wakaachiwa waende zao.

Papa ni mzito na anajiviringisha kwenye mshipi, ngozi yake ni msasa, inakata nailoni. Ukiwa na waya mrefu ni suala la subira tu. Nguru ana mbio moja ya kutisha na meno ya wembe, kisha anachoka. Taa akilalia mchanga utadhani umevua Pemba nzima, lakini huko ni kung'ang'ania chini, sikuhesabu kuwa ni kupigana. Mbenga wa mto Congo na ndugu zake wa Kilombero, wale samaki wa mtoni wenye meno makali, sijawahi kuwashika, wenyeji wa huko wawasemee.

Anayebaki ni kolekole, na hapa ndipo nilipoyumba miaka mingi kabla ya kuamua. Kolekole mkubwa, yule wa mwambani mwenye kipaji cha uso kilichosimama kama ukuta, ana sekunde 30 za kwanza ambazo hakuna samaki mwingine anazo. Hakimbilii baharini. Anakimbilia shimo lake kwenye jiwe, na analijua. Mwili wake ni bapa, akikugeuzia ubavu unavuta kama unavuta mlango ulio chini ya maji. Ukimpa pima tatu tu (pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa) umempoteza, mshipi unasikia ukikwaruza kwenye matumbawe, kisha unakuwa mwepesi mkononi. Nimepoteza kolekole wengi kuliko niliowapandisha. Rekodi ya dunia ni samaki wa kilo 72.8 aliyevuliwa Japani mwaka 2006, na kila nikilifikiria lile pambano nawaza mvuvi wake alimzuiaje asifike kwenye jiwe. Lakini ukimshinda kolekole kwenye hizo sekunde, ukamtenga na mwamba, mambo yanakugeukia. Anabisha bado, ila unaanza kuuona mwisho wake.

Kwa jodari mwisho huuoni. Ukitoka kisiwa cha Misali kuelekea magharibi, ukishaacha eneo la hifadhi, sakafu ya bahari inaporomoka. Mlango huu kati ya Pemba na bara unafika mita 800 hivi. Hapo hakuna jiwe la kukimbilia, na jodari hana haja nalo.

Nikueleze wa kwangu mmoja. Ilikuwa mwisho wa kusi, bahari imeanza kulainika. Tulikuwa watatu kwenye mashua: mjomba, binamu yangu na mimi. Membe, wale ndege wa baharini, walikuwa wanashuka mbele yetu, tukapita kando ya kundi la samaki tukirambaza, yaani tukikokota chambo nyuma ya mashua, kibua hai amechomwa ndoana mgongoni. Alipokula hapakuwa na kishindo. Mshipi ulisita, ukaanza kwenda polepole, halafu ukaenda kweli. Ukingo wa mashua ulikatwa mfereji ambao mpaka leo unaingia kidole. Mjomba akachota maji akawa anaumwagia mshipi pale unapopita, akaniambia, “Mjomba, mpe. Usimbishie sasa.” Nilimpa. Alichukua pima 120 bila kugeuza kichwa, bunda la kwanza la mshipi likakaribia kwisha, binamu akawa anafunga la pili kwa haraka.

Baada ya hapo ilikuwa nikitwaa pima kumi, ananyang'anya nane. Sijui kama unanielewa uzito wa hesabu hiyo. Kila unachokifanya kwa mgongo na mabega unabakiwa na pima mbili, na yeye yuko chini huko anaendelea na mwendo ule ule. Hakuruka hata mara moja. Kwa saa nzima na nusu hatukujua tunapigana na nini, mashua inakokotwa kwenda kusini, mkondo nao unatupinga. Tulipokezana mimi na binamu. Vidoleni tulikuwa tumevaa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, na bado nailoni iliingia.

Kisha akaanza mizunguko. Hii ndiyo alama ya jodari: akikaribia chini ya chombo anaogelea duara, duara, akiwa ameinamisha kichwa, na anaweza kuzunguka hivyo muda mrefu sana. Mjomba alikaa karibu yangu akanifundisha kwa sauti ya chini. Samaki akiwa upande wa mbali wa duara, mshikilie tu, usivute, utakata mshipi au mkono. Akigeuka kuja upande wako mshipi unalegea kidogo sana, hapo mtwae, pima moja, pima na nusu. Nilihesabu mizunguko 31. Kwenye ule wa ishirini na kitu nikaona mwanga mweupe chini, kama sahani. Halafu ukawa na rangi, halafu yakaonekana yale mapezi marefu ya njano yamepinda kama mundu.

Tulipomtia ngoe na kumwinua, nilimkumbatia kifuani ili asiupige ukingo kwa mkia. Alikuwa wa moto. Samaki ametoka kwenye kina, na mwili wake una joto kuliko maji yaliyomlowanisha. Sikulielewa siku ile. Baadaye nilikuja kuelezwa kwamba jodari ana mishipa ya damu iliyopangwa bega kwa bega, inayokwenda na inayorudi, kwa hiyo joto linalozalishwa na misuli halipotei kwenye matamvua bali linarudishwa ndani. Misuli yenye joto inafanya kazi upesi na haichoki haraka. Ukimpasua utaiona ile nyama nyeusi karibu na uti wa mgongo, hiyo ndiyo injini yake ya safari ndefu. Pezi la mgongoni linalala kwenye mfereji wake, ngozi inabaki laini kama risasi. Na lazima aogelee ili apumue, maji yapite mdomoni na kutoka kwenye matamvua. Huyu hajasimama tangu atotolewe. Sasa wewe unataka kumchosha kwa saa moja?

Mizani ya diko, pale ufukweni tunaposhushia samaki, ilisema kilo 58, ametolewa matumbo. Hapo nilipata somo la pili. Mnunuzi alikata kipande karibu na mkia, akakitazama kwenye jua, akashusha bei karibu nusu. Nyama ilikuwa imepauka na kulegea, kama imepitishwa kwenye maji ya moto. Nilikasirika, nikadhani ananidhulumu. Hakuwa ananidhulumu. Jodari akipigana muda mrefu, joto lile lile na asidi ya misuli vinaiunguza nyama yake angali hai, na zaidi ya hapo sisi tulikuwa tumemlaza kwenye mashua chini ya turubai bila barafu, hatujamchinja vizuri. Yule samaki alistahili kutendewa vema kuliko tulivyomtenda, na jambo hilo liliniuma kuliko pesa.

Kwa hiyo unapokuja, njoo na zana za kumaliza pambano upesi, usije na zile nyembamba za kujisifia. Ukitumia rili, iwe na mshipi usiopungua mita 400, na breki uipime kwa mizani ya mkono kabla hujaondoka nchi kavu, kwa sababu baharini utaikaza kwa woga na kitu kitakatika. Ukipigana naye usipumzike. Hili ndilo kosa ninaloliona kwa wageni wote, wanasimama kufuta jasho dakika mbili, naye katika dakika hizo mbili amepata pumzi ya dakika ishirini. Afadhali umkabidhi mwenzako. Badilisha pembe pia, mwambie nahodha asogeze chombo ili umvute kwa ubavu, kichwa kikigeuka mwili unafuata. Ukivua kwa mkono usiuzungushe mshipi kiganjani kamwe, na miguu yako isikae ndani ya mshipi uliojikunja sakafuni. Nimeona mtu akivutwa mpaka kiunoni nje ya mashua kwa kosa hilo, akaokolewa na kisu cha jirani yake.

Akishapanda, mchinje palepale kwenye matamvua, damu itoke yote, kisha barafu tumboni na juu yake.

Umesema likizo yako ni Desemba. Wakati huo kaskazi imeshaingia na nduwaro wanakuwa wengi, utawapata hao na utafurahi. Jodari wakubwa mimi nawapata zaidi mwisho wa kusi, Agosti hadi Oktoba. Ukiweza kusogeza likizo, isogeze. Ukishindwa, njoo hivyo hivyo, uanze na jodari wa kilo nane au kumi, hao hawakosekani, na kilo kumi za jodari zitakujibu kuhusu sangara wako wa 32. Niandikie hapa wiki moja kabla, nikwambie vibua hai tunavitegea wapi alfajiri.