Bunduki Bila Risasi: Nilivyomwandika Masterda

Juzi nimepokea ujumbe wa kijana mmoja wa Songea: "Shikamoo kaka. Nimesikia mswada wako umekubaliwa, hongera. Mimi nataka kuandika riwaya ya Maji Maji. Nianzie wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Jibu fupi ni hili: soma. Jibu refu linaanzia kwenye jiko la meli.

Enzi za ubaharia wangu tulitia nanga nje ya bandari ya Chittagong, huko Bangladesh, tukingojea nafasi gatini. Mpishi wetu alikuwa mzaliwa wa pale pale. Jioni moja, huku anakata vitunguu, akaanza kunisimulia kwa Kiingereza chetu cha mabaharia habari za Masterda, yaani "Master Dada", aliyeongoza vijana wa mji ule kuvamia maghala ya silaha ya Mwingereza enzi za ukoloni. Nikamkatiza: "Kumbe alikuwa mwanamke?" Akaweka kisu chini, akanitazama kama mtu aliyetukaniwa babu yake.

Ndipo nilipojua kwamba kwa Kibengali dada ni kaka mkubwa, nao hulikata neno wakasema "da" tu. Masterda ni Surya Sen, mwalimu wa shule. Kwetu tungemwita Kaka Mwalimu. Tulicheka sana usiku ule, lakini usingizi sikuupata.

Miaka ya kuandika riwaya yake nairuka, haina hadithi. Niliandika usiku, asubuhi nikafuta.

Mswada wa kwanza niliupenda mno, na hapo ndipo nilipopotea. Vijana wangu waliteka maghala, wakabeba bunduki, wakabeba risasi, wakapigana kama simba hadi ukurasa wa mwisho. Mhariri aliyeupokea aliurudisha na karatasi moja yenye mistari miwili. Wa kwanza: "Shujaa wako hakosei, msomaji anasinzia." Wa pili: "Mswahili gani atasoma habari za Mbengali?"

Huo wa pili haujanitoka moyoni mpaka leo. Tangu utotoni tunasomeshwa wafalme wa Uingereza na hakuna anayeuliza ni Mswahili gani atawasoma. Namwombea mhariri yule maisha marefu, akikute kitabu dukani.

Lakini mstari wa kwanza, nikiri, ulikuwa wa haki. Nilijua kilichotokea, nikakificha kwa sababu ya mapenzi.

Usiku wa tarehe 18 Aprili 1930, Ijumaa Kuu, vijana wa Masterda waligawana kazi. Wengine ghala la polisi, wengine ghala la askari wa akiba, wengine nyaya za simu na telegrafu, wengine reli. Kundi lililokwenda kwenye klabu ya Wazungu lilikuta viti vitupu. Ilikuwa sikukuu, wenyewe wako majumbani. Huko maghalani bunduki walizipata, na bombomu za Lewis walizipata. Risasi zake hawakuziona. Walipandisha bendera, wakatangaza serikali ya muda, kisha wakaukimbilia mlima. Siku nne baadaye, kwenye kilima cha Jalalabad, wanajeshi waliwazingira na vijana 12 wakafa.

Nilipoirudia sura ile nilimtunga kijana mmoja anayevunja masanduku. La kwanza, matambara. La pili, vipuri. La tatu, matambara tena, na mafuta ya bunduki yamemtapakaa hadi viwikoni. Anaitwa waondoke, naye anang'ang'ania kulifungua la nne. Sura hiyo ndiyo iliyoniuzia kitabu, usidanganywe na mtu.

Sasa wewe una watu walioahidiwa mwaka 1905 kwamba risasi itageuka maji. Mimi nilikuwa na watu wenye bunduki na hawana risasi. Unaona ulivyobarikiwa? Halafu utakuja kuniambia huna pa kuanzia! Ingia maktaba. Kaa na wazee, nenda na sukari na majani ya chai, usiende mikono mitupu. Soma. Ukimaliza, soma tena. Vijana mnataka jalada kabla ya sura ya kwanza.

Na marehemu usimzulie. Pritilata Waddedar, msichana wa kundi la Masterda, alikuwa na miaka 21 alipoongoza uvamizi wa klabu ya Wazungu ya Pahartali, Septemba 1932, akiwa amevaa mavazi ya kiume. Alijeruhiwa, akameza sumu asikamatwe. Mimi, mtu mzima na akili zangu, nilikuwa nimempachika mapenzi na Masterda ili kitabu kiuzike. Kurasa arobaini na zaidi! Nilizichoma nyuma ya nyumba, na mke wangu akaniuliza kama ni barua za nani.

Ukikwama kwa shujaa, mwache kidogo, mtafute aliyesimama pembeni. Masterda alikamatwa Februari 1933 kwa usaliti wa Netra Sen, akanyongwa tarehe 12 Januari 1934. Msaliti naye hakudumu. Inasimuliwa kwamba alikuwa nyumbani anapakuliwa chakula na mkewe, mtu akaingia na panga, akamkata kichwa. Polisi walimhoji mwanamke yule tena na tena. Mwanamke alimwona muuaji, ila jina hakulitaja.

Sura yangu ya mwisho ni yeye, anaosha ile sahani.