Maswali na Majibu: Saini, Kosaini na Pembe Zinazowasumbua Wanaoanza Programu

Maswali ni mengi, ila nusu yake ni swali moja lililobadilishwa nguo. Tuanze nalo, tulimalize.

Nimeandika math.sin(90) kwenye Python, nimepata 0.894. Kikokotoo kinasema 1. Nani anakosea?

Wewe. Kikokotoo chako kiko kwenye digrii, ilhali Python, Java, C na JavaScript zinapokea radiani, kipimo kingine cha pembe ambacho digrii 180 ni radiani pi, yaani kama 3.14. Umeomba saini (sin) ya radiani 90, umepewa hiyo hiyo. Zidisha digrii kwa pi, kisha gawanya kwa 180, au mwachie math.radians(90) kazi hiyo. Excel nayo ni vivyo hivyo. Jambo hili limo kwenye mstari wa kwanza wa maelezo ya sin, na atakayeniuliza tena bila kuusoma asisubiri jibu.

Shuleni tulikariri upande unaoikabili pembe, gawanya kwa upande mrefu. Hiyo inahusiana vipi na gemu?

Inahusiana, lakini ukibaki na pembetatu peke yake utakwama pembe ikipita digrii 90, na kitu kinachozunguka huipita mara moja. Chukua karatasi. Chora duara lenye nusu kipenyo cha 1, kitovu kikae kwenye sifuri. Weka nukta kwenye ukingo wa kulia, kisha izungushe kwa pembe unayotaka. Umbali wa nukta kulia au kushoto mwa kitovu ndio kosaini (cos). Umbali wake juu au chini ndio saini. Hakuna siri nyingine. Kosaini ya digrii 180 ni −1 kwa sababu nukta imefika kushoto kabisa, na thamani hizi haziwezi kuzidi 1 kwa kuwa duara lenyewe limeishia hapo.

Unataka duara la pikseli 100? Zidisha kwa 100. Unataka kitovu kiwe katikati ya skrini? Jumlisha mahali kilipo, yaani kx na ky; a ni pembe:

x = kx + 100 * cos(a)
y = ky + 100 * sin(a)

Mistari hii miwili watu huinakili, wakaibandika, halafu wakabadilisha alama za kujumlisha na kutoa kwa kubahatisha hadi kitu kikae sawa. Leo kitakaa. Ukiongeza kitu cha pili kesho, unarudi kubahatisha. Duara moja la penseli lingekuokolea jioni nzima.

Naunda saa ya mishale. Kwa nini mshale wa sekunde unaanzia kwenye namba 3 badala ya 12?

Swali zuri, la mtu aliyetazama kazi yake. Pembe sifuri huelekea kulia, na kulia kwa uso wa saa ndiko iliko namba 3. Kila sekunde ni digrii 6, basi zidisha sekunde kwa 6, utoe 90. Jaribu sekunde ya 20: 120 toa 90 ni 30. Mshale wa pikseli 100 utafika 86.6 kulia na 50 chini, yaani palipo namba 4. Umeona nimesema chini? Kwenye skrini nyingi y huongezeka kwenda chini, kinyume cha daftari la hisabati, na ndiyo sababu pembe ikikua mshale unafuata mwendo wa saa wenyewe. Ila zipo zana za gemu ambazo y hupanda juu. Humo mshale utarudi nyuma, kwa hiyo hakiki kwanza.

Mhusika wangu anakimbia zaidi akienda mshazari.

Unampa 5 kulia na 5 juu kwa pamoja, na hiyo ni kama 7.07. Zidisha kila upande kwa 0.707, ambayo ni saini na pia kosaini ya digrii 45. Wachezaji hugundua kosa hili kabla yako, na hawatakwambia.

Adui amgeukie vipi mchezaji?

atan2(dy, dx), y ikitangulia. Hukupa pembe ya kumwelekea; dx ni x ya mchezaji toa ya adui, dy vivyo hivyo kwa y. Usitumie atan(dy/dx): kwenye Python itakuangusha dx ikiwa sifuri, na haitofautishi aliye mbele na aliye nyuma. Excel pekee, kati ya nilizozitaja, inataka x kwanza, kwa hiyo usihamishe fomula kichwa kichwa.

sin(math.pi) inatoa 1.22e-16 badala ya 0.

Hiyo e-16 maana yake ni namba ndogo mno, karibu sifuri. Pi ya kompyuta imekatwa desimali zake. Usiulize kama jibu ni sawa na sifuri. Uliza kama liko karibu nayo.

Nataka sarafu ielee juu na chini taratibu.

y = msingi + 10 * sin(muda * 2). Namba 10 ni kimo cha kuelea, 2 ni kasi yake. Muda uwe wa sekunde halisi. Ukihesabu fremu (picha moja moja zinazochorwa kwenye skrini), sarafu itakayoelea vizuri kwenye skrini ya fremu 60 kwa sekunde itatetemeka kama mgonjwa wa homa kwenye ile ya 144.

Naweza kuunda gemu bila haya yote?

Unaweza, mradi humo kitu chochote kisigeuke.

Nimesoma kwamba saini huchosha kompyuta. Nitengeneze jedwali la thamani kabla?

Mashine za zamani zilihitaji hivyo. Yako haihitaji. Pima kwanza programu inapopotezea muda. Mara nyingi ni kwenye kupakia picha ile ile kila fremu.