Shangazi, baba hataki nende chuo Mombasa na sasa hatusemezani

Shangazi shikamoo. Mie ni msichana wa miaka 19, twakaa Langoni hapa Amu. Mama alifariki nikiwa na miaka minne, baba ni mvuvi, yeye na bibi ndo walonilea. Nimepata nafasi chuo Mombasa nisomee unesi. Mwaka jana baba akasema ngoja, mwaka huu tena ngoja. Juma lilopita nikapandwa na hasira nikamwambia mbele ya bibi kuwa yeye ni mwoga tu. Tangu siku hiyo hanisemezi, namwekea chai anakunywa anaondoka. Usiku kazi yangu ni kutazama muvi kwa simu mpaka bando liishe. Nifanyeje? Na kama hujui, basi nipe hata muvi ya kunichekesha. – Binti wa Mvuvi

Marahaba mwanangu. Muvi nitakupa, tena na kitabu juu, lakini kwanza nikugombeze. Mtu anayetoka na mashua kusi likivuma ukamwita mwoga, tena mamake akisikia! Weka simu chini nenda kamwombe radhi, halafu urudi usome.

Haya, umerudi. Tafuta muvi ya kutazama pamoja na babako, Finding Nemo, ya Pixar, ilitoka 2003, we hata hujazaliwa. Ni katuni, na najua babako atasema mie mtu mzima unanitilia katuni, we mwambie ni habari za samaki basi. Kuna baba samaki, wale wadogo wa rangi ya machungwa wenye milia myeupe ambao wavuvi hawana habari nao kwa sababu hawajazi hata kikaango. Mwanzo mwanzo tu mzia, lile lisamaki lenye meno makali, anakuja, mke anapotea na mayai mamia yanaliwa, linabaki yai moja. Huyo ndo Nemo, na ana pezi moja dogo kuliko lingine, kwa hivo babake Marlin hamwachii hata apumue. Shule inafunguliwa mtoto halali kwa furaha, baba anamwambia kwani lazima uende sasa, si ungoje miaka mitano sita hivi! Hapo ukisikia babako amekohoa usimtazame usoni, tazama skrini.

Wanagombana mbele ya watu, mtoto kwa hasira anaogelea mpaka kwenye boti, mpiga mbizi anamzoa, kufumba na kufumbua yuko Sydney kwenye tangi la kioo la daktari wa meno. Baba anaivuka bahari kumtafuta na mwenzake ni Dory, samaki wa kike ambaye ukimwambia kitu saa hii akigeuka keshasahau, huyo atawavunja mbavu. Kuna na papa watatu wamejiwekea mkutano ati wameacha kula samaki, wallahi mie kila nikiwaona nawakumbuka watu fulani na miraa.

Ila pa kumtazama babako kwa pembe ya jicho ni kwa yule kasa mzee wa miaka 150. Mwanawe anatupwa nje ya mkondo wa maji, Marlin anaruka kumwokoa, kasa anamzuia, ngoja tuone atafanyaje peke yake. Mtoto anarudi mwenyewe anacheka. Marlin anauliza mtu hujuaje kama mtoto yuko tayari, na kasa anamjibu kuwa huwezi kujua kwa hakika, wakijua wao na wewe utajua. Andrew Stanton, aloitunga, amewahi kusema wazo lilimjia siku alomtembeza mwanawe, njia nzima akawa ni usiguse hiki, utaanguka kule, mwisho akaona matembezi yameisha na hata hajakaa na mtoto.

Nikutahadharishe, mwishoni samaki wanaivuta chini nyavu nzima ya watu mpaka inakatika, na sinema inataka ushangilie. Babako hatashangilia. Mwache anung'unike. Na kuna jambo katika hadithi wamelificha, samaki hao mke akifa dume mkubwa hugeuka jike, kwa hivo kihaki Marlin angekuwa mamake Nemo. Hilo babako usimwambie, angalau si usiku wa kwanza.

Sasa sikiliza, muvi ni ya Kiingereza na mwenyewe ataona samaki wanapiga domo lakini hajui wasema nini. Usimtafutie ya kutafsiriwa. We kaa ubavuni umkalimanie, kasema hivi, yule kamjibu hivi. Atalazimika kukuuliza, huyu naye kasemaje? Dakika 100 mtu hakusemezi na huku anakuuliza, haiwezekani.

Halafu kitabu. Mzimu wa Watu wa Kale, cha Muhammed Said Abdulla, mtu wa Unguja, kilitoka 1960. Ni cha mauaji, bwana mmoja tajiri anakutwa maiti mzimuni, mji mzima unasema ni mambo ya mizimu. Anakuja Bwana Msa na kiko chake mdomoni na rafikiye Najum, na Bwana Msa haamini upuuzi huo hata kidogo. Utasema Shangazi wewe, mauaji yanachekesha? Yanachekesha kwa maneno, vile watu wanavotaniana na kuzungushana. Msomee baba kwa sauti baada ya isha, kurasa chache tu, kahawa ikiwepo. Kuna maneno ya zamani humo wewe huyajui na yeye anayajua, ukifika hapo simama umuulize. Kwenye samaki wewe ndo mwalimu, kwenye Bwana Msa ni zamu yake.

Habari za chuo usizitaje wiki hiyo. Hata akicheka, hata akikuuliza bando limebaki ngapi, nyamaza. Subiri mpaka yeye mwenyewe amtaje yule kasa, na atamtaja, wavuvi hawasahau kasa. Hapo ndo umwambie, baba twende sote Mombasa siku moja, ukaone chuo, ukaone nitakolala, ukazungumze na wenyewe. Tena kama kuna mjomba au shangazi wa huko wa kukutazama, mtajie, na namba zake za simu umwandikie kwa karatasi, si kwenye simu yako. Mwanamume aloshika pezi dogo tangu una miaka minne hatakuachia mkononi mwa mtu asiyemjua, na mie pia nisingekuachia.

Kitabu kama hukipati njoo uchukue changu, ila nirejeshee. Cha kwanza nilimwazima mtu mmoja wa Shela, mwaka wa kumi na moja huu, kila tukikutana Mkunguni ananiambia bado hajamjua muuaji.