map au unordered_map kwa bei za viazi?

Kaka, kwa hiyo programu yako ya bei za viazi pale sokoni Mwanjelwa, Mbeya, kama unatafuta bei kwa jina la muuzaji tu basi chukua unordered_map ya lugha ya C++, yaani hifadhi ya jozi za ufunguo (hapa jina) na thamani (hapa bei) bila mpangilio, ipo tangu 2011, inapiga heshi ya jina, yaani inaligeuza kuwa namba, inaenda moja kwa moja kwenye kapu lake, kwa wastani data ziongezeke vipi spidi ni ileile, ila heshi ikiwa mbovu majina yote yakarundikana kapu moja hapo utalia. Ukitaka bei kwa tarehe, tuseme Machi mpaka Juni kwa mpangilio, ni map tu, hifadhi kama hiyo ila yenyewe ni mti unaopanga funguo kwa mfuatano na kujisawazisha wenyewe, funguo milioni ni kama hatua 20 hivi, unapiga lower_bound, inayokupeleka kwenye ufunguo wa kwanza kuanzia Machi, halafu unatembea mpaka Juni. Mimi kwa data za soko moja wala nisingeumiza kichwa, map.