Leseni ya duka Mbuyuni ni ya manispaa, si ya wizara
Ndugu, umeuliza kama leseni ya duka la nguo pale Mbuyuni, mjini Moshi, inatolewa na wizara. Hapana, huhitaji kwenda wizarani wala BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, kuitafuta. Inatolewa na Manispaa ya Moshi kupitia afisa biashara wake, na maombi siku hizi yanapita kwenye Tausi, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri. Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972 imegawa leseni makundi mawili: kundi A, kama kuagiza au kusafirisha bidhaa nje ya nchi, ni la BRELA, kundi B, maduka kama hilo lako, ni la halmashauri. Nawasaidia watu kujaza maombi haya hapa mjini, na wengi wanachanganya kwa sababu jina la biashara ndilo linalosajiliwa BRELA. Kusajili jina si kupata leseni.

Wizara ya Viwanda na Biashara yenyewe inatunga sera na kusimamia taasisi zake: BRELA, TBS (shirika la viwango), FCC (tume ya ushindani) na Wakala wa Vipimo. Huyo wa mwisho ndiye wa kumwita ukiona mizani haina stika ya uhakiki, au gunia la vitunguu limeongezewa kilemba juu na kushonwa kwa kamba. Ujazo huo wa kupita kiasi, yaani lumbesa, unamuumiza mkulima kabisa, tuache kuizoea.

TRA, mamlaka ya mapato, haimo kwenye taasisi hizo, iko chini ya Wizara ya Fedha. Ila anza nao: bila TIN, yaani namba ya mlipakodi, ombi lako la leseni haliendi popote.